ULIZA UJIBIWE: Kamera ya kanisa, bando la mfukoni, na shukrani inaenda kwa nani

Mwezi huu niliwaambia mtuandikie nyie mnaotumika kwenye media za makanisa na vipindi vya injili redioni, na kweli mmeandika. Zimekuja barua, meseji, na voisi nyingine ndefu mpaka chai inapoa (jamani fupisheni). Nyingi ni za hapa hapa Kigoma na majirani zetu wa Tabora. Nimechagua nne. Majina ya watu, ya makanisa na ya wachungaji nimeyatoa, hii safu si ya kusemana.

"Shikamoo Mama. Mimi ni kijana natumika idara ya media kanisani kwetu huku Gungu, nashuti video, naediti, na laivu ya jumapili ni mimi na mdogo wangu mmoja wa sauti basi. Mama tulikuwa na mkutano wa injili siku nne nikarekodi zote, siku ya mwisho usiku nahamisha mafaili kwenye diski ya eksteno umeme ukakata, tangu hapo eksteno haisomi, naichomeka kila siku labda itaamka lakini wapi. Nilivyowaambia viongozi wakasema nimwamini Mungu atafanya njia. Jumapili ikatangazwa tumshukuru Mungu kwa mkutano uliofana watu wakapiga makofi na vigelegele, mimi niko nyuma kwenye tripodi natamani kulia. Bando natoa mimi, nauli mimi, laptopu ni yangu, nikisema neno naambiwa sina moyo wa shukrani na huduma sio biashara. Je kuomba bajeti ni dhambi? Na hiyo shukrani nitaitoa wapi wakati moyoni sina? – Kijana wa Tripodi, Gungu"

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Kwanza hiyo eksteno, maana roho yako haitatulia tukianza na mistari. Acha kuichomeka kila siku. Acha kabisa. Iweke sikioni ukiiwasha: kama inatoa mlio wa tik tik tik basi kuna kitu kimeharibika kwa ndani, na kila unapoiwasha unaongeza uharibifu, hapo hamna maombi ya kuichomeka tena, ni fundi mwenye vifaa vyake. Kama haina huo mlio, inazunguka vizuri tu ila kompyuta haioni mafaili, kuna uwezekano mkubwa kilichoharibika ni ule mpangilio unaoiambia kompyuta faili gani liko wapi, kwa sababu umeme ulikata ikiwa katikati ya kuandika. Video zenyewe zinaweza kuwa bado zimo. Kompyuta ikikuuliza kama unataka kuformati, yaani kuiandaa upya iwe tupu, usikubali, hata ikikuuliza mara mia. Kuna programu za kurudisha mafaili, mpate mtu anayezijua, na kitakachorudishwa kihifadhiwe kwenye diski nyingine, sio hiyo hiyo. Halafu memori kadi za kamera ziko wapi? Kama ulizifuta lakini hujarekodia kitu kingine juu yake, ziweke pembeni leo hii, nazo zinaweza kurudishwa. Huenda mkutano wenu umo kwenye kadi zilizolala kwenye begi.

Sasa swali lako. Kuomba bajeti sio dhambi. Nasema hivyo bila kuzunguka kwa sababu hili neno "tumtegemee Mungu" limetumika vibaya sana kwenye idara za media, mtu anasimama madhabahuni anasema kanisa linamtegemea Mungu kwa matangazo ya laivu, kumbe linategemea simu yako wewe na bando ulilonunua kwa hela ya mfukoni mwako. Hiyo sio imani, hiyo ni kumpa mtu mwingine bili halafu kumwambia Mungu ahsante.

Nenda kasome Kutoka sura ya 31 na kuendelea mpaka ya 36, habari za Bezaleli. Mungu mwenyewe anasema amemjaza huyu mtu Roho wake, ili afanye nini? Afanye kazi ya mikono, achonge mawe, afue dhahabu. Mi naona pale ndio pana fundi mitambo wenu na mpiga picha wenu, watu wa ufundi wenye Roho wa Mungu. Lakini sasa angalia vifaa vilitoka wapi. Bezaleli hakuambiwa alete uzi wa kwao. Watu walileta, wakaleta, wakaleta, hadi Musa akatoa tangazo kambini kwamba inatosha msilete tena. Ufundi ulitoka kwa Mungu na sufu ikatoka kwa watu, na yote mawili yakahesabika ni ya Bwana. Wasomee viongozi wako hiyo kwa adabu, usiwasomee kwa hasira.

Najua kuna mzee mmoja kwenye kamati atakuletea habari za George Müller wa Bristol kule Uingereza, yule aliyelea yatima kwa maombi bila kuomba mtu hela. Ni kweli, alianza na nyumba moja mwaka 1836 na mpaka anafariki 1898 watoto waliopita mikononi mwake walikuwa zaidi ya 10,000, na alikataa kabisa kumwambia mtu "nisaidie". Sawa. Ila wanaomhubiri huwa wanaruka kipande kimoja, kwamba huyo huyo Müller alikuwa anachapisha ripoti, kimeingia nini, kimetoka nini, kimetumika wapi, watu wote wasome. Na yeye ndiye aliyebeba mzigo wa imani yake, hakuuweka kwenye mgongo wa kijana wa tripodi akalala usingizi.

Kwahiyo fanya hivi. Chukua karatasi moja, moja tu, maana kamati haisomi mbili. Andika ibada moja inagharimu nini. Mfano wa laivu: ukirusha kwa ubora wa 720 kwa megabiti 2.5 kwa sekunde, saa moja inakula kama GB 1.1, ibada ya saa 3 ni zaidi ya GB 3, na hapo hujaapload klipu wala hujafungua WhatsApp. Piga mara jumapili za mwezi, weka bei ya bando la mtandao unaotumia, weka nauli yenu wawili, weka UPS moja ya kuokoa mafaili umeme ukikata. Hili la umeme sisi watu wa Kigoma hatuhitaji kuelezwa, miaka na miaka tumekaa na umeme wa jenereta za dizeli, gridi ya Taifa imetufikia juzi juzi. Weka na diski mbili sio moja, maana video iliyoko sehemu moja tu haijahifadhiwa hiyo. Nakala moja ikae studio, nyingine ikae nyumbani kwa mzee wa kanisa kabatini, na zile muhimu kabisa zipande mtandaoni. Karatasi mpe mwenyekiti wa idara na nakala kwa mhasibu. Usiseme "nimechoka", sema "hii ndio gharama ya jumapili".

Wakikataa? Basi rusha ibada kwa kiasi wanachowezesha. Kama ni sauti tu bila picha, iwe sauti tu. Mungu hatapungukiwa.

Sasa shukrani, maana uliuliza kwa uchungu na sitaki niipite. Shukrani sio kujifanya diski haijafa. Hao watunga zaburi wamelia humo ndani wee, wamemuuliza Mungu utanisahau mpaka lini, na ni hao hao wanaomaliza kwa kumshukuru. Anza na kumwambia Mungu habari za diski kama ulivyoniambia mimi, na za makofi ya jumapili pia. Ukimaliza kusema hayo tafuta kitu kimoja kilichotokea kweli kwenye mkutano ambacho hakikutokana na wewe wala kamati. Mimi nikisoma barua yako nakiona: una mdogo wako wa sauti, amesimama na wewe siku nne, hakulalamika au kama alilalamika hujaniambia. Huyo ni wa kushukuria. Na ukishamshukuru Mungu kwa ajili yake mwambie na yeye mwenyewe, umnunulie hata mgebuka wa kukaanga. Paulo akiwa kifungoni aliwaandikia Wafilipi kuwashukuru, na hakusema "Mungu awabariki wote" akaishia hapo, alitaja kwamba walimtumia mahitaji Thesalonike, si mara moja, na aliyeleta sasa ni Epafrodito, na kwamba mwanzoni hapakuwa na kanisa jingine lililoshirikiana naye kwa kutoa na kupokea ila wao. Ni barua ya kiroho kabisa na inasomeka karibu kama risiti. Viongozi wako ndio walitakiwa wakufanyie hivyo jumapili ile, wakutaje. Hawakufanya. Wewe mfanyie mdogo wako.

"Mwangaluka Mama, mimi ni mama wa watoto wawili naishi Ipuli Tabora, nina chaneli yangu YouTube na TikTok nafundisha neno kidogo kidogo na kuimba tenzi. Nilikuwa na watazamaji wachache tu wa kwaya yetu ila klipu moja niliyoimba chini ya mwembe, binti wa jirani alinishuti na simu yake, imepaa Mama, imefika mpaka Kenya na Kongo, komenti hazisomeki zote. Sasa kampuni moja ya kubeti imenitafuta wanataka niweke nembo yao kwenye video na kuwataja mwanzo, hela ni nzuri haijawahi kuingia nyumbani kwetu hela hiyo. Mume wangu anasema Mungu ndiye amefungua mlango, hata wana wa Israeli walichukua mali za Wamisri. Nimeomba sijapata amani. Nifanyeje? – Mama wa Tenzi, Tabora"

Mwangaluka mama, na hongera kwa huo mwembe, Tabora bila mwembe ingekuwa wapi.

Usichukue.

Mume wako namheshimu na najua anawaza ada za watoto, lakini hoja ya mali za Wamisri ina tundu. Wamisri walitoa dhahabu yao, hawakudai jina lao liandikwe kwenye pazia la hema. Na kingine, dhahabu waliyotoka nayo Misri ndiyo ilitengeneza ndama pia, ni sura ya 32 hapo hapo kwenye Kutoka, kwahiyo hela kutoka Misri haijajieleza yenyewe kuwa ni baraka. Wewe unafikiria nembo ndogo pembeni, lakini fikiria anayeitazama: kijana wa bodaboda pale stendi ameshaliwa hela ya bosi wake kwenye mkeka wa kubeti, amefungua simu atafute neno la kumtuliza, anakukuta wewe unamwimbia wokovu na chini yake pameandikwa bashiri ushinde. Hiyo amani uliyokosa ina sababu.

Hili la "Mungu amefungua mlango" naomba nikae nalo kidogo. Klipu kupaa ni jambo la kushukuru, shukuru kwa nguvu zote, ila usiligeuze kuwa ndio tegemeo. Wazee wetu wa redio wanakumbuka ile stesheni ya Kilutheri iliyokuwa Addis Ababa, ilianza kurusha mwaka 1963, mitambo mikubwa ya masafa mafupi, lugha nyingi, na vipindi vya Kiswahili vilikuwa vinaandaliwa studio ya Sauti ya Injili kule Moshi. Mlango ulikuwa mpana kuliko chaneli yoyote ya leo ya mtu mmoja. Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ikaichukua stesheni yote. Lakini Moshi watu wa kuandaa vipindi walikuwepo bado, na Sauti ya Injili mpaka leo ipo hewani. Nakwambia hivi kwa sababu TikTok ikibadilisha mahesabu yake wiki ijayo, au akaunti ikafungwa bila maelezo, utabaki na nini? Utabaki na sauti, na Neno, na watu waliokujua kabla klipu haijapaa. Hao ndio uwatunze.

Hela unaihitaji, hilo nalijua, wala sikuambii ukae hivi hivi ufe njaa kwa jina la Yesu. YouTube wana utaratibu wa kulipa, ukifikisha sabskraiba 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 unaomba kuingizwa kwenye mgao wa matangazo, kwa video fupi badala ya hizo saa wanaangalia kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Na ukishaingia kuna sehemu kwenye mipangilio ya AdSense, ule mfumo wao wa matangazo na malipo, ya kuzuia aina za matangazo usizotaka, pita huko usije ukakataa kampuni ya kubeti mlangoni halafu ikaingia dirishani. Pia Tabora yenu ina wafanyabiashara wa asali, wa mchele, wa vitenge, mtu kama huyo akitaka kukudhamini ongea naye, andikishaneni, na useme wazi kwenye video kwamba huyu amenidhamini.

Kumbukumbu la Torati sura ya 8 kuna onyo la mtu anayeshiba halafu anasema moyoni mkono wangu mwenyewe ndio umenipatia huu utajiri. Wewe hujafika huko, nimeona kwenye barua. Ila nimeona na kitu kingine umekipita haraka: binti wa jirani. Simu yake, bando lake pengine, na aliona pa kusimama mpaka mwembe ukatokea vizuri. Jina lake liko kwenye maelezo ya video? Ukilipwa na YouTube siku moja, yeye anapata chochote? Mama, kabla ya kufunga na kuomba kuhusu hao wa kubeti, hilo la binti halihitaji kufunga.

"Bwana asifiwe Mama. Mi ni mtangazaji chipukizi kwenye kipindi cha shuhuda huku Kasulu. Msimamizi wangu akiona ushuhuda umepoa anataka tuuchangamshe, juzi mama mmoja alisema macho yalikuwa yanamuuma akaombewa akapata nafuu, nikaambiwa nitangaze alikuwa kipofu. Ananiambia si tunampa Mungu utukufu? – Mtangazaji, Kasulu"

Amina. Hapana, hampi Mungu utukufu, mnampa Mungu sifa ya kazi ambayo hakuifanya na mnamnyima sifa ya ile aliyoifanya. Ayubu aliwauliza rafiki zake kama watasema uongo kwa niaba ya Mungu, swali hilo mpelekee msimamizi wako.

Wale wenye ukoma kumi wa Luka 17, Yesu aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani, yaani kwa wenye mamlaka ya kuthibitisha. Kwahiyo kuhakiki sio kukosa imani. Acha mhusika aongee mwenyewe kwa sauti yake, usimtafsirie. Akitaja ugonjwa wa hospitali muulize kama alirudi kupima na cheti kinasemaje, kama hana sema tu "anasema anajisikia vizuri". Na kamwe, hata uambiwe na nani, usirushe hewani mtu anayewashawishi wasikilizaji kuacha dawa za presha, sukari au ARV, kuna mtu Heru Juu huko anasikiliza na ataacha kweli. Macho yaliyokuwa yanauma yakapoa ni habari nzuri. Yule mmoja aliyerudi kushukuru alirudi na alichotendewa, hakuongeza kitu.

"Mama mwenzangu habari za nyumbani. Mimi ni mama wa Kibirizi, baba watoto ni mvuvi na mimi naanika dagaa. Kijana wetu wa pili alikuwa anatusaidia vizuri tu, sasa ameacha anasema Mungu amemwita huduma ya video na redio muda wote na ataishi kwa imani. Anakula kwetu, analala kwetu, na amechukua kamera kwa mkopo wa wale wa marejesho ya kila wiki, wiki mbili zilizopita wamekuja hapa nyumbani baba yake ndio akalipa. Baba yake amesema huo ni uvivu umevaa suti. Mimi naogopa kuzuia wito wa Mungu. Nisaidie. – Mama Dagaa, Kibirizi"

Salama mama mwenzangu, poleni na kazi. Hilo la uvivu umevaa suti nimecheka peke yangu hapa, ila mwambie baba asimwambie kijana hivyo usoni, neno kama hilo halifutiki.

Sidhani kama huyu kijana hana wito. Anaweza kuwa nao kabisa. Kinachonipa shida ni hii "kwa imani" yake ambayo mpaka sasa imelipwa na baba yake. Eliya ndio mfano wanaoupenda hawa vijana, alilishwa na kunguru kwenye kijito cha Kerithi. Vizuri, lakini asome mpaka mwisho wa habari. Eliya alienda Kerithi kwa sababu aliambiwa aende, na kijito kilipokauka hakuenda kukopa maji, alingoja neno lingine, na neno likampeleka Sarepta kwa mjane ambaye alikuwa na konzi ya unga tu. Akala pale, lakini nyumba ile haikupungukiwa kwa sababu yake. Sasa muulize kwa upole, mwanangu, tangu umeingia kwenye hii huduma hapa nyumbani unga umeongezeka au umepungua?

Halafu mpe Matendo 18. Paulo kafika Korintho, kakaa kwa Akila na Prisila wanashona mahema kwa sababu ndio ilikuwa kazi yake, na kila sabato anafundisha kwenye sinagogi. Baadaye Sila na Timotheo wanashuka kutoka Makedonia ndipo anasongwa na lile Neno, na kwenye barua yake kwa hao hao Wakorintho anasema ndugu waliotoka Makedonia ndio walimtimizia mahitaji. Umeona mpangilio? Kazi ya mikono na huduma vilienda pamoja mpaka msaada ulipofika kweli, hakuacha mahema siku ya kwanza ili athibitishe kwamba ana imani. Na hata hapo alisema hakutaka kumlemea mtu.

Na sasa niseme kitu kuhusu nyumba yenu wenyewe, maana naona kijana anadhani kumtegemea Mungu kumeanzia kwenye kamera. Nyie wa Kibirizi mmemtegemea Mungu kuliko studio yoyote ninayoijua. Baba yake anaingia ziwani usiku wa giza na taa, mbalamwezi ikiwa kali anakaa nyumbani, hamna mtu anayeweza kuwaamuru dagaa waje kwenye mwanga, ukirudi na ndoo mbili ni Mungu, ukirudi mtupu unarudi tena kesho. Ule mwaka 2024 serikali iliposimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, kaya za wavuvi zilifanyaje? Mliomba, ndio, lakini waliojua mapema waliweka dagaa wakavu, waliweka akiba, wakashona nyavu, wakaziba mitumbwi, wengine wakaenda shamba la muhogo. Hakuna aliyesema akiba ni kukosa imani. Mtoto amelelewa ndani ya hiyo elimu miaka yote, arudi aitumie. Huduma ya media ina miezi yake ya giza na miezi ya mbalamwezi vile vile, kuna mwezi wa mikutano na makongamano na harusi za kushuti, na kuna mwezi simu hailii kabisa.

Ningekuwa mimi ningekaa naye chini, wewe na baba yake na mzee mmoja wa kanisa anayemheshimu, sio wa kumfokea. Asubuhi awe kwenye dagaa na nyie, jioni na jumamosi awe kwenye huduma. Na mbona asianze hapo hapo ufukweni? Ana kamera, ana wanawake wanaanika dagaa wanaimba mapambio tangu alfajiri, ana wavuvi wenye shuhuda za dhoruba ambazo hakuna kipindi cha redio kimewahi kuzisikia. Aende redio yoyote ya injili hapa mjini na kipindi kimoja kilichokamilika mkononi, dakika 15, sauti safi bila upepo (afunike maiki na sponji, upepo wa ziwa unaharibu sana), awaombe wasikilize. Wakikipenda wataomba kingine. Makedonia yake itaanzia hapo kama ipo.

Lililobaki ni mkopo, na hili msilichelewe. Marejesho ya kila wiki yanaua haraka kuliko anavyofikiri. Aende mwenyewe ofisini kwao, asiende mama, aombe kujua deni lililobaki ni kiasi gani kwa maandishi na kama akimaliza mapema riba inapungua. Kama kamera inaweza kuuzwa ikalipa deni, auze. Simu yake si inashuti? Kanisa la Gungu kule juu wana kijana wa tripodi anayehitaji mtu wa pili wa kamera, nikipata ruhusa ya wote wawili nitawaunganisha. Baba yake arudishiwe hela ya zile wiki mbili, hata kidogo kidogo, hata kwa dagaa, na amshukuru mbele ya wadogo zake wasikie.